Kinyumba cha likizo kwenye shamba la marehemu baba, Mtambwe

Swali: "Assalaam aleikum. Sisi ni ndugu watano, wanne tuko Dar es Salaam na kaka mmoja yuko Muscat. Marehemu baba ametuachia shamba la mikarafuu Mtambwe, Wete. Tunataka tujenge kinyumba cha kufikia tukienda Pemba sikukuu ya Idi na skuli zinapofungwa. Kaka ametuletea mchoro alioutoa mtandaoni: nyumba ya mbao ya ghorofa moja, ukuta wa mbele wote kioo ili tuone bahari. Wengine wanataka matofali ya saruji, na mama anataka makuti. Tushike lipi, na tuanzie wapi?"

Waaleikumu salaam, dada yangu.

Mchoro wa kaka nimeutazama. Ni nyumba nzuri, na huko ilikochorwa ina maana yake: nchi za baridi kioo kikubwa huliingiza jua ndani na mbao nene hulizuia joto lisitoke. Mtambwe tunahangaika na kinyume chake. Lakini si hilo lililonishughulisha zaidi. Barua yenu nzima inazungumzia siku mtakazokuwepo. Hebu hesabuni: Idi mbili, likizo ya Disemba, pengine na harusi moja. Zikizidi sana ni wiki sita kwa mwaka. Wiki nyengine zote nyumba imefungwa, Masika inaipiga, mchwa wanapanda, popo wanatafuta pa kulala. Nyumba ya kufungwa haijengwi kama nyumba ya kukaa, na karibu kila nitakalokwambia hapa limetoka kwenye hesabu hiyo.

Kwanza ardhi, maana hapo ndipo familia zinapogombana, si kwenye rangi ya bati. Umesema "ametuachia shamba", hukusema limegawiwa. Mama yenu ana thumuni yake humo (fungu moja katika manane), na nyinyi watoto mnagawana kilichobaki, wa kiume mafungu mawili kwa fungu moja la wa kike. Sasa nyumba itakaa kwenye fungu la nani? Na kaka wa Muscat akitoa nusu ya gharama, nyumba ni yake, au ni ya wote na yeye amewapa zawadi, au mnadaiwa? Haya yazungumzeni sasa, mama akiwa hai na nyote mnapendana. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkafanyiwe mirathi, kisha muandike karatasi: kipande cha nyumba kinabaki cha nyote, kimepimwa kutoka wapi mpaka wapi, na kila mchango umetolewa kwa nia gani. Mashahidi watie saini. Wapo wanaokiweka kiwanja wakfu wa familia ili kisiuzwe wala kisirithiwe. Ni njia nzuri kwa kulinda pahala pa mzee, ila msiikimbilie. Wakfu ukishawekwa haurudi, na mmoja wenu akija kupata shida hatakuwa na fungu la kuuza hapo.

Ulizeni pia shamba limetoka wapi. Kama ni katika eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, lilitolewa na Serikali kwa kulimwa, na lina masharti yake. Kama mzee alirithi au alinunua, zitafuteni karatasi. Kwa Sheria ya 1992 ya umiliki wa ardhi Zanzibar, ardhi ni ya umma chini ya Rais wa Zanzibar, na nyinyi mnapata haki ya kuitumia. Kwa hivyo mkitaka kugeuza kipande cha kilimo kuwa cha makaazi mnahitaji ruhusa. Mnaanzia kwa sheha wa shehia (kiongozi wa Serikali kijijini), mnakwenda kwenye ofisi za ardhi na mipango miji, kisha kibali cha ujenzi Wete. Msimuachie fundi akafanye hayo "kwa njia zake". Na mkarafuu msiukate bila ya kibali, hata kama mmeupanda wenyewe na umekaa katikati ya ukumbi mliouchora. Ni rahisi kuusogeza ukumbi.

Mkiwa mnatembea shambani, nendeni na mzee wa kijiji. Atawaonesha makaburi yasiyo na jiwe, na atawaambia ile minazi mitatu ya mpakani ni ya nani. Kwetu miti inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ya mwengine, na aliyepanda hasahau. (Jengine la pembeni: mko jirani na Mtambwe Mkuu, ambako mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale waliibua sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Mkichimba msingi mkakuta vigae vingi vya zamani, simamisheni kazi, muwaarifu watu wa Makumbusho na Mambo ya Kale. Musivitie mfukoni.)

Pahala pa kujenga sasa. Pemba ya magharibi ni vilima na mabonde, na bonde limeshapata mwenyewe: ni la mpunga na maji. Kileleni napo upepo unavunja na njia ya kupandisha matofali ni ndefu. Nyumba ikae begani mwa kilima, kwenye mteremko mdogo, na musikate kilima kupata uwanja tambarare. Ukiukata, Masika inakuja kulidai lile ulilolikata, na ukuta wa kuzuia udongo ni ghali kuliko vyumba viwili. Badala yake inueni msingi upande wa chini, na upande wa juu chimbeni mtaro wa kuyageuza maji kabla hayajafika ukutani. Visiki vyote vya ndani ya kiwanja ving'olewe na mizizi yake. Kisiki kinachofukiwa chini ya sakafu ni karamu ya mchwa, na wakishakimaliza wanatafuta milango.

Pemba iko nyuzi kama 5 kusini ya ikweta, na hapo tuna bahati. Jua la mchana halipigi sana kuta za kaskazini na kusini, na paa lenye mtokezo wa mita moja linazifunika. Adui ni jua la asubuhi la mashariki, na zaidi la alasiri la magharibi. Pepo zetu nazo zinakuja kwa njia ya kaskazini na kusini: Kaskazi kuanzia Disemba mpaka Machi, Kusi kuanzia Aprili mpaka Septemba. Kwa hivyo kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zijae madirisha. Kuta fupi zitazame mashariki na magharibi, ziwe na madirisha madogo au zisiwe nayo kabisa. Na hapo ndipo kioo cha kaka kinapoanguka, kwa sababu bahari yenu iko upande wa magharibi. Ukuta wa kioo upande ule, saa tisa alasiri, ni tanuri. Bahari itazameni kutoka barazani, na pembe ya magharibi ya baraza iachwe wazi kwa ajili hiyo.

Mpango wa nyumba hauhitaji kutafutwa mbali. Chukueni nyumba ya bibi zenu: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka mlango wa uani, vyumba huku na huku, uani nyuma. Ningechora ukumbi wa mita 3 kwa 7.2, na kila upande vyumba viwili vya mita 3.3 kwa 3.6. Hiyo ni vyumba vinne, na nyumba nzima ni mita 9.6 kwa 7.2 bila ya baraza. Ukumbi ukielekea kaskazini na kusini, milango miwili ikifunguliwa, upepo unapita moja kwa moja misimu yote miwili. Baraza iwe na upana wa mita 2.4 kamili. Ikipungua hapo watu wanakaa mstari mmoja kama wanasubiri daladala, hawawezi kuzunguka sinia.

Najua mtasema nyinyi ni watano, kila mmoja na watoto wake, vyumba vinne havitoshi. Havitoshi, na musiongeze. Chumba kimoja ni cha mama, vitatu ni vya akina mama wenye watoto wachanga na wageni wazito. Vijana watalala ukumbini na barazani juu ya mikeka, na wakikua ndiyo watakayoyakumbuka. Kila chumba cha ziada ni paa la ziada, mlango wa ziada, na unyevu wa ziada kwa wiki arubaini na sita. Ghorofa pia iacheni: ngazi zinamshinda mama, na zege la juu linakula fedha ambazo zingejenga karo la choo, tangi na jiko. Jiko, choo na bafu viwe uani, chini ya kipenu kilichoungana na nyumba ili mtu asirowe usiku, na ua uwe mrefu wa kutosha ili wanawake wakae kwa raha zao wageni wanapokuwa barazani.

Kuhusu ukuta, wanaosema saruji wamesema kweli, ila kwa sababu nyengine na wanayoidhani. Mbao hapa inaweza kukaa, nyumba za zamani zina milango ya mfenesi na mvule iliyowazika wajukuu wa walioichonga. Lakini mbao inataka mtu aiangalie kila wiki, na nyinyi hamtakuwepo. Ukuta wa udongo ni baridi na ni rahisi, nao unataka kukandikwa tena kila baada ya mvua kubwa. Tofali la saruji linavumilia kusahauliwa. Basi litengenezwe vizuri: mfuko mmoja wa kilo 50 usitoe zaidi ya matofali 35 ya inchi sita, na yamwagiwe maji siku saba kivulini kabla ya kujengewa. Fundi atakayewaahidi matofali 50 kwa mfuko anawauzia mchanga uliopakwa rangi ya saruji. Mchanga wenyewe ununuliwe kwenye shimo lenye ruhusa. Wa pwani ni marufuku kuchota, na hata kama ungekuwa halali, chumvi yake inakula nondo kutoka ndani. Mkanda wa zege upite juu ya madirisha, nyumba nzima, bila ya kukatika, nondo za milimita 12, na nondo zifunikwe na zege si chini ya sentimita 4 kwa sababu ya hewa ya bahari.

Mama na makuti yake. Kwa baridi na kwa macho, hakuna paa linaloyashinda. Ila makuti yanakaa miaka kwa sababu chini yake kuna moto wa kuni kila siku. Moshi ndio unaofukuza wadudu na kukausha unyevu. Nyumba iliyofungwa haina moshi, na makuti yake yanaoza kabla ya wakati. Tena maji yanayochuruzika kutoka kwenye makuti ni ya rangi ya chai, hayafai tangini, na nyinyi maji ya paa mnayahitaji, kama nitakavyoeleza. Kwa hivyo nyumba iezekwe bati, geji 28, lenye mchanganyiko wa alumini, si bati jepesi la geji 32 litakaloshika kutu kwa upepo wa chumvi. Mteremko uwe nyuzi 25 au zaidi. Ndani wekeni dari, na baina ya dari na bati pawe na nafasi inayopitisha hewa kutoka mtokezo mpaka mgongo wa paa. Hapo joto na kelele za mvua vinapungua sana. Kila tundu la hewa lizibwe kwa wavu wa waya, matundu madogo, vyenginevyo mtarudi Idi mkute popo wameshahamia na harufu yao. Mama mjengeeni banda la makuti mbali kidogo na nyumba, chini ya mwembe, liwe la kukaa. Mtunzaji wa nyumba, nitakayemtaja mbele, akipikia karibu yake, litadumu.

Maji ndiyo yanayoamua kama nyumba ya likizo ni raha au ni adhabu, na watu wengi huyafikiria mwisho. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa lenu, pamoja na baraza na mitokezo, litakuwa kama mita za mraba 120. Mvua moja nzuri ya milimita 30 inatoa lita 3,600, na ukiondoa zinazomwagika na zile za mwanzo zinazoosha vumbi, weka 3,000. Sasa upande wa matumizi: watu 25, kila mmoja lita 40 za kuoga, kutawadha, kupikia na kuosha, ni lita 1,000 kwa siku. Siku kumi za sikukuu ni lita 10,000. Kwa hivyo matangi mawili ya lita 5,000, mvua nne tu zinayajaza. Kumbukeni kwamba Idi inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka: miaka mengine itaangukia Masika na hamtajua maji muyapeleke wapi, miaka mengine itaangukia kiangazi cha Januari na Februari, na hapo tangi lililojaa tangu Vuli ndilo litakalowastiri. Hata kama bomba la ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar) linafika, musiliache tangi. Mifuniko ikaze mbu wasiingie, na tangi liwe juu ya kitako cha tofali ili maji yashuke yenyewe bila ya pampu.

Karo lichimbwe upande wa chini wa kilima, mita 30 au zaidi kutoka kisima chenu na cha jirani. Kwanza jaribuni udongo: chimbeni shimo la mita moja, lijazeni maji, mwangalie kesho yake. Kama ni udongo wa utasi, ule mzito unaoshika maji, na maji bado yamo, karo la kawaida litafurika Masika, na mtahitaji handaki refu la kokoto la kuyatawanya.

Umeme ni shughuli fupi. Pemba inapata umeme wa gridi kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, kwa hivyo ulizeni ZECO, Shirika la Umeme Zanzibar, nguzo ya karibu iko wapi na nguzo ngapi zinahitajika mpaka kwenu. Zikiwa mbili, ungeni. Zikiwa nane, paneli za jua za kutosha taa, feni na kuchajia simu zitawafaa zaidi, na betri zikae kwa mtunzaji, si ndani ya nyumba iliyofungwa. Faida ya TUKUZA, umeme wa kulipia kabla, ni kwamba nyumba ikiwa tupu hailimbikizi bili.

Madirisha yawe ya vibao vya mbao vinavyopitisha hewa hata vikifungwa, na nyavu ndani yake. Kioo kikifungwa nyumba inavunda. Mbao za kenchi zitiwe dawa ya mchwa kabla ya kupanda juu, kila ncha iliyokatwa irudiwe kupakwa. Magodoro yasibaki vitandani: nunueni vitanda vya kamba, na magodoro machache yatundikwe darini kwenye chumba kimoja kikavu.

Sasa mpangilio wa kazi. Msianze na nyumba. Mwaka wa kwanza jengeni banda la uani: chumba kimoja, jiko, choo, karo na tangi moja. Humo saruji inapata pa kukaa pakavu, mafundi wanapata maji, na baadaye mtunzaji anapata pa kuishi na mkewe. Huyo mtunzaji ndiye kiungo cha mradi wote. Yumkini mnaye tayari, yule jamaa anayeangalia mikarafuu. Mfanyieni chumba chake kiwe kizuri kweli, mlipeni kila mwezi, na muandike anachotakiwa kufanya: kufungua madirisha kila wiki, kusafisha magata (mifereji ya paa) kabla ya Masika na Vuli, kufyagia vichuguu vya mchwa ukutani, kufungua mabomba yapite maji. Nyumba yenye mtu pembeni inazeeka kwa taratibu. Mbele ya banda mwageni uwanja wa zege wa kuanikia karafuu. Msimu wa kuchuma unaanzia Julai na unakwenda mpaka mwisho wa mwaka, na chumba kimoja cha nyumba kubwa kinaweza kuwa ghala la magunia kabla ya kupelekwa ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu. Nyumba inayofanya kazi ya shamba haifungwi moja kwa moja, na fedha ya karafuu ndiyo itakayomlipa mtunzaji.

Mwaka wa pili, Masika ikishaondoka, chimbeni msingi mwezi wa Juni. Mvua za mchoo za Agosti hazizuii kazi ya kuta, zinasaidia kuyarowesha matofali. Paa liwe limefungwa kabla ya Vuli ya Oktoba. Mkichelewa hapo, simamisheni kwenye mkanda, mfunike, msubiri Januari. Fundi mpeni kazi kwa hatua: msingi, kuta, paa, plasta, kila hatua na bei yake na malipo yake baada ya kumalizika. Nyinyi mko mbali, basi sharti moja liandikwe: zege lolote lisimwagwe kabla picha za nondo hazijafika kwenye simu ya mmoja wenu. Chagueni huyo mmoja. Fundi akipokea amri kutoka kwa ndugu watano, atafuata ile iliyo nyepesi kwake.

Vifaa hesabuni pamoja na njia. Saruji inayoshushwa bandari ya Mkoani bado ina safari ya kufika Mtambwe, na njia ya shambani gari haipiti wakati wa mvua. Mwisho wa safari ni gari ya ng'ombe. Kwa hivyo kokoto na mchanga vipelekwe Januari na Februari, njia ikiwa kavu, na saruji ifuate karibu na kazi, maana isikae zaidi ya miezi miwili au mitatu hata kwenye banda kavu. Agizeni ya msingi kwanza, ya plasta baadaye.

Mkishapata karatasi ya mirathi, pimeni kipande mlichokichagua na mniletee mambo manne: picha ya mteremko kutoka chini na kutoka juu, upande ilipo bahari, umbali wa kisima na nguzo ya umeme, na matokeo ya lile shimo la maji. Nitawachorea kwa vipimo vyake, na kaka naye mwambieni achague rangi ya milango.